Marufuku Kugusa Maji

Goti la kulia ndilo lililokuwa na kiburi. La kushoto, Shangazi akilikanda kwa mafuta na maneno matamu, lilikubali kunyooka kidogo, likalia kama mlango mbovu, likatulia. La kulia lilibaki limejikunja kifuani kana kwamba limeambiwa nje kuna polisi. Malkia aliuma kitambaa. Hakulia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kamba ya kufungia viti mkononi, akageuka kutazama uani kama mtu aliyeitwa.

"Usigeuke," Shangazi akamwambia. "Njoo ushike kisigino. Huyu ni mwanao, si wa jirani."

"Nimekuja, dada. Nimekuja."

Akakishika. Kilikuwa cha baridi, na nyama ya mguu juu yake ilikuwa ikirukaruka kama chura aliyefunikwa na nguo.

"Leo tunakwenda, mama," akamwambia binti yake. "Jua limeshashika. Saa hizi maji ya kwenye kona yamepata moto."

Jina la Malkia lilitokana na kiti. Baba yake alikodisha viti vya plastiki kwa misiba, harusi na vikao, na vilivyovunjika alivishona mwenyewe kwa waya na chuma cha moto, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Bwana Viti, hata wazee waliomjua tangu hana meno. Kiti kimoja tu, chekundu, chenye mikono, hakikukodishwa hata msiba ukiwa wa tajiri. Hicho alikifunga juu ya mkokoteni siku za mapumziko, akamkalisha binti yake, akamfunga kiunoni kwa shuka, akamsukuma kupanda kilima kwenda bwawani. Watu walijibana ukutani wakipiga kelele, "Pisheni njia, Malkia anapita!" Naye aliinua mkono ule unaomtii akawapungia, kwa maringo kabisa.

Alikuwa mwanamke mzima, umri wa kuwa na watoto wa kumwita mama. Uzazi wa taabu ulimchukua mama yake ukamwacha yeye, na viungo vinavyovutana kama watu wanaogombania blanketi moja, na ulimi mzito ambao wageni waliudhania upungufu wa akili. Alichukua muda kulifikia neno. Wasiomjua walimmalizia, na mara nyingi walimmalizia vibaya.

Lakini majini ilikuwa habari nyingine.

Bwawa lilichimbwa juu ya mtaa ili mji upate maji. Mabomba makubwa yalipita chini ya nyumba zao yakienda kwenye mahoteli na majumba yenye mabaraza, na bomba la mtaa lenyewe lilikohoa zaidi ya lilivyotoa. Hakuna aliyekasirika sana. Walikuwa na ukingo. Siku ya mapumziko ukingo ule ulijaa: vijana na redio zao, wasichana wakipigana picha, wanaume wazima wakijifunza kuogelea kwa kukumbatia madumu matupu, wamama wakisutana na kupatana kabla jua halijageuka. Kwenye kona moja maji yalikuwa mafupi na tulivu, jua likiyapasha mpaka yakawa kama ya kuogea mtoto. Hapo Shangazi aliingia na gauni lake, akakaa mpaka kifuani, akampokea Malkia kutoka mikononi mwa baba yake, akamshika shingo. Basi.

Goti la kulia lilifunguka lenyewe. Hakuna aliyelibembeleza. Miguu ikaelea, mirefu kuliko mtu alivyodhani, na mdomo nao ukafunguka.

"Baba," alisema siku ile, macho ameyafumba, maneno yakimtoka moja nyuma ya jingine bila kukwama, "mama muuza mkaa kakodi viti vinne. Wageni gani? Ana kaka mmoja tu duniani."

"Mimi nitajuaje wageni wa watu?"

"Anataka uvilete, ukae kimoja."

Shangazi akacheka mpaka akakaribia kumwachia. Wamama wa karibu wakageuka. "Anasema nini Malkia? Rudia, Malkia, hatukusikia!" Naye akarudia, na Bwana Viti akajifanya kutafuta kandambili yake iliyokuwa mguuni.

Gari lenye vipaza sauti lilipita wiki iliyofuata. Mamlaka ya Maji inawaalika wananchi kutoa maoni kuhusu kanuni mpya za matumizi ya bwawa. Ukumbi wa shule. Saa nne asubuhi. Nyote mnakaribishwa.

Jioni uani kwa Bwana Viti hapakuwa na pa kuweka mguu. Nyumba yake ilikuwa hivyo siku zote. Penye viti hapakosi makalio. Mama muuza mkaa alikuwepo, na fundi baiskeli, na yule kijana kinyozi ambaye banda lake la kunyolea lilibomolewa pamoja na soko.

Soko ndilo lililozungumzwa kwanza. Nani angelisahau? Mwaka ule waliitwa hivyohivyo kutoa maoni. Walikwenda wengi, wakapinga kwa sauti moja, wakapewa soda, wakapigwa picha na soda zao. Picha ikatoka gazetini: wananchi wafurahia mpango mpya. Tingatinga likaja.

"Kinywa changu kilikuwa kimeachama," mama muuza mkaa alisema. "Napinga! Kwenye picha nikaonekana nacheka."

"Sasa wanataka bwawa," fundi baiskeli akasema. "Eti tunachafua maji. Wanaleta boti za injini, nimeziona kwenye malori. Boti zao zinaendeshwa kwa uji?"

Kila mtu akamtazama Bwana Viti, kwa kuwa neno la mwisho uani pale lilikuwa lake, na yeye alilipenda. Akanyonya jino kwanza.

"Mtu akikuuliza apike nini, na sufuria tayari iko mezani, hakuulizi huyo. Anakwambia unawe mikono."

Wakacheka, wakapigana mabega. "Sasa tufanyeje, Bwana Viti?"

"Tusiende. Hata mmoja. Waviambie viti. Safari hii wampige picha nani?"

Msemo ule wa sufuria ulitembea. Asubuhi ulikuwa kwa wauza maziwa, mchana ulikuwa kituo cha afya, na ulipomrudia mwenyewe jioni ulikuwa umeongezwa mwiko na mwanamke mwizi wa nyama. Mtaa mzima ulikubaliana: hakuna kwenda. Uzuri wake ni kwamba viti vya ukumbini vilikuwa vyake pia. Mamlaka ilivikodi kwake. Wangezungumza na plastiki, tena plastiki ya Bwana Viti.

Malkia ndiye aliyeharibu furaha. Ilikuwa asubuhi yenyewe ya mkutano, baba yake akifungua kamba za kile kiti chekundu ili mkokoteni upate nafasi.

"Na...ta..." akaanza kutoka kitandani. Baba yake akangoja, mikono ikiendelea na kamba. "Nataka. Kwe...nda."

"Kwenda wapi, mama?"

"Mku...tano."

"Tumekubaliana watu wote. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Nime...panga. Ma...neno."

Shangazi akasimama na bakuli la uji. "Amepanga kweli. Amenisomea kule majini siku ya mapumziko, mwanzo mpaka mwisho. Maneno mazuri, kaka. Hayazidi unayosema wewe ukiomba chumvi. Mpeleke."

Bwana Viti akauona ukumbi. Akamwona afisa na saa yake mkononi, na Malkia mbele ya kipaza sauti akilitafuta neno la kwanza, mate yakimtoka, na mtu fulani nyuma akikohoa kicheko. Akaona pia uani kwake jioni, mama muuza mkaa akiuliza: si ulituambia tusiende?

"Utakuwa unampigia mbuzi gitaa, mama yangu," akasema. "Halafu mkokoteni una viti."

"Utavipeleka kwanza, utamrudia," Shangazi akasema.

"Nimesema."

Malkia aligeuza uso ukutani. Kwa mwili ule, kugeuka ilikuwa kazi ya kutwa, na aliimaliza.

Ukumbini Bwana Viti alivipanga viti safu kwa safu, vizuri, kwa sababu kazi ni kazi, kisha akavuka barabara akajiunga na wenzake kwenye kivuli cha ukuta wa duka. Nusu ya mtaa ilikuwa hapo. Kupitia madirisha yasiyo na vioo waliona kila kitu: dereva, karani na wanawake wawili wa chai wamekaa mbele, na nyuma yao plastiki tupu mpaka mlangoni. Afisa alitoka, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akatazama barabara. Akawaona. Wao walitegemea hasira, hakuwa nayo. Akatazama saa, akaingia.

Akasoma kanuni zote kwenye kipaza sauti, akivisomea viti. Vijana waligaragara kwa kucheka. "Kile cha nyuma kina swali!" kinyozi akapiga kelele. "Kimeinua mkono!"

"Je, kuna pingamizi?" sauti ikatoka ukumbini.

Fundi baiskeli alilazimika kukaa chini, anajishika mbavu.

"Kwa kuwa hakuna pingamizi," sauti ikaendelea, bila haraka, "kanuni zimeridhiwa na wananchi na zitaanza kutumika mara moja. Asanteni kwa kuja."

Vicheko havikuisha pamoja. Waliokuwa karibu walinyamaza kwanza. Wa mbali, ambao hawakusikia, wakaendelea kidogo.

Uzio ulisimama kabla mvua hazijaanza. Lango la chuma, kibanda cha mlinzi, na bango la buluu: MARUFUKU KUGUSA MAJI. Chini yake kwa herufi ndogo, boti kwa wenye kadi. Waliohitaji kazi ya ulinzi walikuwa wengi, akapata kinyozi. Wakaendelea kumwita Kinyozi, ingawa sasa alishika filimbi na rungu, na nywele zake mwenyewe hakuna aliyekuwa akizinyoa.

Mtaani watu walilalamika kama wanavyolalamikia mvua, kisha wakatafuta pengine pa kukaa. Vijana walihamia kwenye gereji. Wamama walihamia uani kwa Bwana Viti. Ulikuwa usumbufu, haukuwa msiba. Msiba ulikuwa chumba kimoja tu, na uliingia polepole. Kwanza goti la kushoto, lile jema, likajifunza tabia ya mwenzake. Kisha kiuno. Shangazi alichemsha maji, akaloweka mataulo, akakanda mpaka vidole vyake mwenyewe vikavimba. Siku ikaja ambayo Malkia hakuweza kukalishwa kwenye kile kiti chekundu; mwili ulikataa kukunjika pale panapotakiwa na kukunjuka pale panapotakiwa. Vidonda vikatoka ubavuni. Na maneno, ambayo siku zote yalichelewa, yakaanza kutofika. Alilianza neno, akalitazama dari, akaliacha.

Hakumlaumu baba yake. Angemlaumu kwa nini?

Kwenda ofisi ya Mamlaka, Bwana Viti alivaa shati la misibani. Afisa alikuwa wa umri wa mwanawe, lakini mzee ndiye aliyejikuta anasalimu kwanza, mikono miwili.

"Karibu, mzee. Nikusaidie nini?"

Akaeleza. Alieleza vizuri, kueleza alijua. Kona ya maji mafupi, jua la saa sita, goti. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililompa tumaini.

"Pole sana," afisa akasema. "Ulikuwepo kwenye mkutano wa maoni?"

"Viti vilikuwa vyangu."

"Kwa hiyo ulikuwepo."

"Nilikuwa nje."

"Ah." Afisa akatabasamu kwa huruma ya kweli. "Sasa mzee wangu, maoni hayatolewi nje. Mlango ulikuwa wazi. Mngekuja mkasema hilihili unaloniambia, lingeingia. Hata mtu mmoja tu, lingeingia. Kanuni inatutaka tuzingatie kila pingamizi."

"Mtu mmoja?"

"Hata mmoja."

Bwana Viti aliitazama meza. Ilikuwa na kioo juu, na ndani ya kioo uso wake, kichwa chini.

"Mwanangu si mchafu, bwana."

"Sijasema mchafu. Hii ni sayansi. Haya ni maji ya kunywa, na mwili wa binadamu una mambo yake."

"Na zile boti?"

"Boti haina mwili, mzee."

Akacheka kidogo kwa jibu lake mwenyewe, kisha akakumbuka kitu, uso ukamng'aa. "Lakini watu wa hali yake hatujawasahau! Tumejenga njia maalumu ya saruji, haina ngazi, mpaka ukingoni kabisa. Wafadhili waliisifu sana. Mlete. Hatalipa chochote."

"Mpaka ukingoni."

"Ayaone maji. Kuona nako ni tiba."

Walikwenda siku ya mapumziko iliyofuata. Malkia walimlaza kwenye mkokoteni juu ya godoro, na Kinyozi akawatokea langoni, macho yake akiyaweka kila mahali isipokuwa kwao.

"Kiti cha magurudumu tu, baba. Mkokoteni hauingii. Ni chombo cha biashara."

"Kinyozi. Umekula kwangu wewe."

"Nimekula, baba. Mimi hapa ni mdomo tu, maneno si yangu. Afisa yule pale juu ofisini ananitazama."

Walirudi. Mtaa ukasikia, na mtaa ule, kwa ubaya wake wote, ulijua aibu. Mama muuza mkaa alimwendea kaka yake, mfagizi wa kituo cha afya, na kiti cha magurudumu kikatoka kwa mlango wa nyuma, kirudi kabla ya giza. Fundi baiskeli akakaza magurudumu na kuyatia grisi. Wakamkalisha Malkia nusu analala, kwa mito na shuka. Alipiga yowe moja, kisha basi. Walimsindikiza watu wengi kuliko waliowahi kusindikiza bibi harusi mtaani pale, na wa mbele, kwa mazoea, wakapiga kelele, "Pisheni, Malkia anapita!" Mkono ule unaomtii haukuinuka.

"Mgonjwa na msindikizaji mmoja," Kinyozi akasema.

"Mimi ndiye ninayemshika!" Shangazi akaruka. "Mimi ndiye ninayeingia naye!"

"Hakuna kuingia, Shangazi. Ni kutazama."

Baba yake akamsukuma peke yake. Nyuma ulibaki mtaa mzima, vidole vimeshika waya za uzio. Njia ya saruji ilikuwa nyororo kweli, hakuna mkokoteni uliowahi kupita mahali laini vile. Ilishuka taratibu mpaka palepale kwenye kona ya maji mafupi, ikaishia kwenye bomba za chuma zilizochomelewa ukingoni, zimepakwa rangi ya njano. Maji yalikuwa ng'ambo ya bomba, hatua moja tu kutoka vidole vya miguu yake. Jua lilikuwa la saa sita.

"Ni...shu..." Malkia akasema.

Alimwelewa kabla hajafika nusu. Akatazama nyuma, Kinyozi alikuwa amesimama juu ya njia, filimbi mdomoni. Bwana Viti akapiga magoti, akapitisha mkono kati ya bomba ili amchotee, akaupeleka mpaka bega likakwama. Vidole vikachezea hewa. Akajaribu na mkono mwingine, kana kwamba huo mwingine ungekuwa mrefu.

Boti nyeupe ikakatiza, wasichana wawili mbele yake wakicheka na kofia zao. Ikageuka kwa maringo, ikaenda zake. Wimbi lake likaja nyuma bila haraka, likagonga saruji, likapanda chini ya bomba, likamfunika Malkia miguu yote miwili mpaka kwenye vifundo.

Alivuta pumzi. Kidole gumba cha mguu wa kulia kikasogea. Kikasogea tena, na kisigino, taratibu, kikashuka kutoka pale kilipokuwa kimeng'ang'ania.

Filimbi ikapigwa.

"Mgonjwa arudi nyuma!" Kinyozi akapaza sauti, ya juu, ya kusikika mpaka ofisini. "Hakuna kugusa maji! Mrudishe nyuma, mzee!"

Bwana Viti akakivuta kiti. Akavua shati, akaanza kumfuta miguu haraka haraka, kama mtu anayefuta kitu alichoiba.

"U..." Malkia akasema. "U...si..."

Kule juu watu walikuwa wakipiga kelele kwenye uzio, hakuna lililosikika. Binti yake alikuwa amemkazia macho, shingo imesimama mishipa, neno liko njiani linakuja. Filimbi ikapigwa mara ya pili. Baba yake akauinamia mguu wa kulia, akaufuta mpaka katikati ya vidole.